Siku Sita za Lala Salama

Siku walipomleta Lala Salama kitanda cha nne akiwa na mrija mdomoni, nilikwenda stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikacheka. Sitaki mtu anifikirie vizuri halafu aje ajute, kwa hiyo nalisema mapema. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa foronya ya hospitali, nikaikunja upya, nikatoka nimevaa uso wa kazi.

Lala Salama ni jina tulilompa sisi wafanyakazi, na mwenyewe hakulijua. Alikuwa daktari mkuu wa chumba cha wagonjwa mahututi, na kwake yeye mgonjwa wa mashine ya kupumulia alikuwa na kazi moja tu, kulala. Akiingia asubuhi, kabla hata ya salamu, anauliza, "Wote wamelala?" Mgonjwa akifumbua jicho, anaongezewa dawa ya usingizi. Akikunja kidole, anaongezewa. Ukutani, juu ya sinki la kunawia mikono, alikuwa ametundika agizo lake ndani ya fremu ya kioo utadhani cheti cha ndoa: mgonjwa aliye kwenye mashine asiguswe na idara ya viungo mpaka mrija utolewe. Chini yake kulikuwa na sahihi, ndefu, yenye mkia.

Hiyo idara ya viungo ndiyo mimi. Ofisini tuko watatu, lakini chumba kile ni changu. Nawakalisha watu, nawasimamisha, nawakunja magoti na kuwazungusha vifundo, na kwa vile kutwa nzima nasema "nyoosha, nyoosha," wauguzi wananiita Bi Nyoosha. Ila kwa miaka minne kazi yangu mle ndani ilikuwa kusimama mlangoni na kungoja watu waharibike vizuri, ndipo nikabidhiwe.

Wa kwanza kukabidhiwa alikuwa baba yangu.

Baba ni fundi cherehani. Homa ya mapafu ilimwangusha, akawekwa kwenye mashine, kitanda hichohicho cha nne, siku kumi na tisa. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Nilimfuata daktari mkuu kwenye korido, shikamoo ikiwa mbele, nikamwambia, "Daktari, naomba nimzungushe vifundo tu. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Mrija siugusi."

Hakusimama. Alinijibu huku anatembea. "Binti, hapa si uwanja wa mpira. Baba yako anahitaji kupumzika."

Basi baba akapumzika. Alipumzika mpaka alipoamka hakuweza kushika kijiko. Mapaja yalikuwa yamekwisha, mgongoni chini ana kidonda cha kulalia ambacho ngumi yangu iliingia, na mguu wa kulia ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye kifundo, vidole vinatazama chini. Mshipa wa fahamu unaopita pembeni mwa goti ulikuwa umebanwa siku zote hizo, na hakuna mtu aliyeugeuza ule mguu. Mikono ilirudi baada ya mwaka. Mguu haukurudi. Na cherehani yake ni ya kukanyaga, mguu wa kulia ndio ulikuwa unaanza. Mpaka leo imekaa sebuleni imefunikwa kitambaa, na hakuna anayethubutu kuweka hata glasi juu yake.

Jambo moja alinisimulia mara moja tu, wala sikumwomba arudie. Alisema kuna asubuhi usingizi ulipungua kidogo, akajua yuko wapi, akalia. Machozi yalimtiririka yakamwingia sikioni, yakajaa, na hakuweza kuinua mkono ayafute. "Nilisikia dunia nzima kama niko chini ya maji," alisema. "Halafu wakaniongezea dawa."

Kwa hiyo nilicheka. Homa ileile, mashine ileile, kitanda kilekile. Roho ilinisuuzika.

Sasa nieleze nilivyofanya, maana mtu akisema kisasi watu wanafikiria sumu. Mimi sikumgusa, na hapo ndipo ubaya wangu wote ulipo.

Lala Salama alipolala, nafasi yake ilishikwa na kaimu, daktari mmoja kijana, mnyenyekevu, anayetembea kwa haraka kama anawahi choo. Siku ileile aliniita. "Bi Nyoosha, agizo la mzee siwezi kulifuta, cheo hicho sina. Lakini ukinijazia fomu ya ruhusa kwa mgonjwa mmojammoja, nitasaini. Wagonjwa wanatakiwa kuinuliwa mapema, mimi na wewe tunalijua hilo."

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo miaka minne. Nilijaza fomu ya kitanda cha kwanza. Nikajaza ya kitanda cha pili, mpishi wa shule, mama mnene mwenye macho ya utani. Nikajaza ya tatu. Nilipofika ya nne niliandika jina lake, nikaitazama, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa koti.

"Na mzee?" kaimu akauliza.

"Mzee ana agizo lake ukutani. Mimi ni nani nimvunjie heshima?"

Alinitazama kidogo, kisha kengele ya kitanda cha pili ikamwita, akaondoka. Alikuwa na wagonjwa wanne na usingizi wa mtu mmoja. Hakuuliza tena.

Kila siku mtaalamu wa viungo anaandika mstari mmoja kwenye faili la mgonjwa. Kwenye faili la Lala Salama nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote: Hakuguswa, kwa kufuata agizo la mkuu wa idara. Siku ya pili nikaandika hivyohivyo. Siku ya tatu nikapigia mstari neno "agizo". Nikiri kwamba nilikuwa naamka asubuhi nina hamu ya kwenda kuandika.

Wakati huo mpishi wa shule tulimkalisha ukingoni mwa kitanda, mrija wake mdomoni, muuguzi ameushika kwa mkono, mimi nimemshika mgongo. Siku ya tatu alisimama. Siku ya nne alinionyesha kwa vidole kwamba anataka kitana. Mke wa Lala Salama alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha wageni, ameshika mkono wa mumewe ambao haukushika wake. Akaona yote hayo.

"Binti yangu," akaniita, "mbona yule mnamwinua na huyu wangu amelala tu?"

"Mama, mzee mwenyewe ndiye aliyepanga. Lile pale, juu ya sinki. Limeandikwa kwa mkono wake."

Alikwenda kusoma. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyokuwa mengi. Aliporudi akakaa, akaanza kumsugua mumewe vidole vya mkono, kimojakimoja, bila kujua anachofanya. Nilijitia hamnazo, nikaenda kitanda cha kwanza.

Mama Wodi ndiye aliyenishika. Ndiye mkuu wa wauguzi, yuko pale tangu jengo halijapakwa rangi ya pili, na huwezi kumficha hata chafya. Siku ya tano alinivuta hadi kwenye stoo ileile ya mashuka.

"Mwanangu, fomu ya kitanda cha nne iko wapi?"

"Fomu gani?"

"Usinifanye mtoto. Hiyo iliyo mfukoni. Unaipapasa kutwa kama mtu mwenye kipele."

Nikautoa mkono mfukoni. Akakaa juu ya rundo la mablanketi.

"Unajua lile agizo aliliandika kwa nini? Zamani, akiwa kijana kama huyu kaimu, alikuwa akiwageuza wagonjwa mwenyewe. Siku moja tunamkalisha mtu, mtu mzima mwenye nguvu, mrija ukachomoka. Akajaribu kuurudisha mara tatu. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Yule mtu alimfia mikononi, macho wazi, mkewe yuko dirishani. Wiki hiyohiyo akaandika agizo. Huyo unayemwita Lala Salama ni mwoga, mwanangu. Hana ubaya. Ni mwoga."

"Uoga wake, mguu wa baba yangu," nikasema. "Angekaa na uoga wake nyumbani."

"Na wewe? Wewe una uoga gani?"

"Mimi sina uoga. Mimi nina hasira."

"Basi afadhali mwoga," akasema, akainuka, akachukua mashuka mawili, akaondoka. Nilikasirika naye siku nzima kwa sababu hakupaza sauti.

Siku ya saba kaimu alipunguza dawa ya usingizi ili mzee aamke. Niliwahi. Nilitaka awe na mimi mbele ya macho yake anapofumbua, kabla ya mkewe, kabla ya yeyote. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyapanga bafuni, nikayapanga barabarani, nilitaka kumpa vidonge vyake kimojakimoja.

Akafumbua macho. Yakazunguka dari, yakaenda kwenye skrini ya mashine kwa mazoea, yakasoma namba, yakaelewa. Kisha yakanifikia.

"Shikamoo, daktari," nikasema. "Inua mkono wa kulia."

Nyusi zilikunjamana. Bega likatikisika kidogo. Mkono ulibaki pale ulipo.

"Wa kushoto. Haya, kidole basi. Kidole kimoja."

Kidole gumba kilisogea kama kinasukumwa na upepo wa feni. Nikafunua shuka miguuni. Kisigino kilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kifungo cha koti. Mguu wa kushoto ulikuwa umelalia upande wa nje, goti limegandamana na chuma cha kitanda, na kifundo kimelegea, vidole vinatazama chini. Namwogesha mtu mwenye mguu kama huo kila asubuhi. Niliujua kabla sijaushika.

"Umeguswa siku ngapi, unajua?" nikamwambia, karibu na sikio. "Hata moja. Nimefuata agizo lako neno kwa neno. Umepumzika vizuri, daktari?"

Akaelewa. Nilimwona akielewa, na kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Halafu chozi likamtoka pembeni mwa jicho, likatelemka kwenye panja, likaingia sikioni. Likafuata jingine. Mkono wake ukajaribu kuja kufuta, ukashindwa, ukajaribu tena.

Nilibaki nimesimama. Sikutaka kuyafuta. Niliyaacha mpaka sikio likajaa, na hapo nikaanza kusikia mimi kama niko chini ya maji.

Nikayafuta kwa kona ya shuka, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria. Nilikuwa na hasira naye kwa kulia, angebaki na macho makavu ningemaliza maneno yangu yote. Nikatoa fomu mfukoni, imechakaa mikunjo, nikaijaza palepale juu ya meza yake ya dawa, na kalamu ikatoboa karatasi mara mbili.

Msidhani nililainika. Kumlaza kulikuwa kisasi cha kwanza, na kumwinua nikakufanya cha pili. Saa nne asubuhi tulimkalisha ukingoni mwa kitanda: Mama Wodi ameshika mrija, kaimu ametazama skrini, muuguzi mwingine miguuni, mimi mgongoni. Kichwa chake kiliniangukia begani. Alikuwa anatetemeka, na sikuhitaji kuuliza anamkumbuka nani. Alikuwa anautazama mkono wa Mama Wodi pale kwenye mrija, haondoi macho. Dakika ya pili hewa yake ilishuka, mashine ikaanza kulia, akanishika mkono wa koti kwa vidole viwili, ndizo nguvu zote alizokuwa nazo.

"Mlaze," kaimu akasema.

Nilimshikilia sekunde tano zaidi. Nilizihesabu. Kisha nikamlaza.

Kesho yake tulirudia, na keshokutwa. Siku ya kumi alisimama. Siku ya kumi na mbili alitembea hatua sita, mashine ndogo inasukumwa nyuma yake, mkewe analia dirishani. Mguu wa kulia ulikanyaga. Wa kushoto ulijipiga sakafuni kwa kofi, kila hatua kofi. Alipita mbele ya sinki, chini ya fremu yake, na wafanyakazi wote waliokuwa pale wakapata ghafla kazi ya kutazama viatu vyao. Mrija ulitolewa siku mbili baadaye.

Alipohamishiwa wodi ya kawaida, kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa faili lake. Si miwani, si simu. Jioni akaagiza niitwe. Nilimkuta amekaa, mkongojo ukutani, mguu wa kushoto ndani ya kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo. Sauti ilikuwa bado imekwaruzika kwa mrija.

"Siku sita," akasema.

"Ndiyo."

"Kitanda cha pili ulijaza fomu siku ya kwanza."

"Na cha kwanza, na cha tatu."

"Na kama ungejaza yangu?"

"Mguu ungekuwa unainuka."

Akafunga faili. "Nikisema hili kwa wakubwa, huna kazi."

"Sema, daktari. Watakuuliza agizo lilitoka wapi."

Kisha akauliza kwa nini nilimfanyia hivyo, na nikamwambia: fundi cherehani, kitanda cha nne, siku kumi na tisa, korido, uwanja wa mpira. Akafikiri sana, nilimwona anajitahidi.

"Simkumbuki," akasema.

"Najua."

Asubuhi iliyofuata fremu haikuwepo. Pale juu ya sinki palibaki mraba mweupe, na misumari miwili.

Nilikwenda nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyetoka kuangalia mechi timu yake imeshinda. Nilimsimulia baba yote, sikuficha hata sekunde tano. Nilingoja acheke. Baba alikuwa amekaa karibu na cherehani yake, anafungua na kufunga mkasi.

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Utarudi?"

"Huenda. Mshipa haukubanwa sana. Akinyooshwa kila mara, miezi miwili mitatu."

"Mlete hapa."

"Baba!"

"Kila Jumamosi asubuhi unaninyoosha mimi. Mnyooshe na yeye. Mwambie fundi anamwita."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia ana huruma za kijinga, kwamba mtu akimkanyaga anamfuta viatu. Akarudi kwenye mkasi wake. Nikapeleka ujumbe shingo upande, nikiomba Lala Salama akatae. Hakukataa. Jumamosi alishuka kwenye gari mlangoni kwetu, mkongojo mkononi, akasema shikamoo kwa baba ingawa umri wao haupishani sana.

"Karibu daktari, keti," baba akasema, mpole kama anampima suti.

Nikawaweka viti viwili vinatazamana, cherehani pembeni. Nilifanya kazi kwa meno yaliyoumana. Baba alimuuliza habari za mkewe, akamtania kwamba gari lake linakohoa kuliko yeye. Jumamosi ya tatu wakawa wanacheka pamoja, na mimi nikawa nagonga vyombo jikoni bila sababu.

Jumamosi ya saba nilimshika daktari kisigino nikamwambia, kama kawaida, "Inua." Vidole vikainuka. Kidogo, upana wa kidole kimoja, lakini viliinuka na kukaa juu. Alicheka kwa sauti, akainua tena, akaniangalia, akamwangalia baba, uso umemfunguka kama wa mtoto. Baba akampigia makofi.

"Hongera, daktari. Hongera sana." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, sasa wangu."

Nikahama. Nikashika kisigino cha baba. "Inua, baba."

Baba akainua. Mshipa ukamtoka shingoni, mikono ikakamata kiti, jasho likamtoka puani. Mguu ukaning'inia vilevile, vidole vinatazama sakafu.

"Tena," baba akasema mwenyewe. Akajaribu. Hakuna.

"Tena."

"Baba, inatosha."

"Sijakuuliza wewe. Tena."

Mara ya tano, ya sita. Kicheko cha daktari kilikuwa kimekwisha zamani, na macho yake yamekwenda kwenye vigae.

"Usitazame chini, daktari," baba akasema, kwa sauti ileile ya kumpima mtu suti. "Tazama hapa. Ndiyo maana nilikuita."

Hapo nikajua hasira yangu niliirithi kwa nani, na kwamba ya kwangu ilikuwa ya kitoto. Nilikaa sakafuni na mguu wa baba mikononi, sikuthubutu kuuachia. Lala Salama alinyanyua macho. Yalikuwa mekundu. Akatazama.

"Wako ni wa siku sita, utapona," baba akamwambia. "Jumamosi ijayo uje. Na ukishapona kabisa, uje vilevile. Mimi nitakuwa hapahapa, nainua."